Ubao wa kukatia uliopinda: nani wa kulaumiwa, na tiba ipi ya kuaminiwa

Mvua za Machi zikianza Kigali, ubishi wa zamani hurudi jikoni. Ubao wa kukatia uliokuwa umetulia mezani tangu Januari huanza kuyumba. Ukibonyeza kitunguu upande huu, ule mwingine unainuka. Ukitaka kukata nyama ya mbuzi kwa nguvu, ubao wote unazunguka kama pia. Katika wilaya ya Kicukiro, kuanzia nyumba za Niboye na Kagarama hadi vibanda vya mishikaki vya Gikondo, ushauri haukosekani, ila unapingana. Huyu atakuambia uuloweshe usiku kucha, yule ataapa kwamba maji ndiyo yaliyouharibu. Fundi atasema hukuupaka mafuta. Jirani atasema fundi alikuuzia mbao mbichi. Muuza vyombo atakuonyesha ubao wa plastiki na kusema mambo ya mti yamepitwa na wakati.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini ubao unaoyumba ni hatari ya wazi kwa vidole, hasa vya mtoto anayejifunza kukata mboga. Ubao wenye bonde hushika maji na damu ya nyama mahali ambapo kitambaa hakifiki vizuri. Kisha kuna hasara: mti uliochukua miaka kukua unatupwa jalalani baada ya mwaka mmoja, na mwingine unanunuliwa kupatwa na yale yale. Kila mmoja wa washauri hao ameshika kipande cha ukweli. Kinachokosekana ni kipimo kimoja cha kuwapimia wote, na kipimo hicho ninakiona katika swali moja: je, nyuso mbili za ubao, wa juu na wa chini, zinapata hali ileile? Ubao hupinda pale nyuso hizo zinapotofautiana, ama kwa maji zilizonayo, ama kwa namna nyuzi zilivyolala. Ushauri unaopunguza tofauti hiyo unafaa, na ule unaoiongeza hudhuru hata kama umerithiwa kwa bibi.

Kinachotokea ndani ya ubao

Mti uliokatwa na kupasuliwa hauachi kunywa. Hewa ikiwa na unyevu, mbao huuvuta; hewa ikikauka, mbao huutoa, hadi vilingane. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huifikisha mbao kwenye maji ya asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu, na hewa ya asilimia 50 huishusha hadi karibu 9. Kigali ina misimu minne inayopokezana: mvua ndefu za Machi hadi Mei, kiangazi cha Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, mvua za vuli hadi Desemba, na kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Kwa hiyo hata ubao ambao haujawahi kuoshwa, uliotundikwa ukutani kama pambo, hupanda na kushuka kila mwaka.

Kupanda na kushuka huko kungekuwa si neno kama mti ungetanuka sawasawa pande zote. Hautanuki hivyo. Kwa urefu wa nyuzi, mabadiliko ni madogo mno, hata hayaonekani. Kwa upana, mbao hunywea kiasi kimoja kuelekea kiini cha mti, na karibu mara mbili ya kiasi hicho kuzifuata duara za ukuaji. Ukitazama kichwa cha ubao utaziona duara hizo. Zikiwa zimelala kama upinde, ubao umepasuliwa pembeni mwa gogo, na uso uliokuwa upande wa gome utanywea zaidi ya ule uliokuwa upande wa kiini. Hivyo ubao unapokauka, duara hutaka kunyooka, na bonde hutokea upande wa gome. Zikiwa zimesimama wima, nyuso zote mbili hunywea kwa kiasi kimoja na ubao hubaki tambarare. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza, ya nyuzi, ambayo mtumiaji hawezi kuibadilisha baada ya kununua.

Tofauti ya pili ni ya maji, na hii ndiyo inayoshangaza kwa ukubwa wa matokeo yake. Chukua ubao wa upana wa sentimita 30 na unene wa milimita 20. Tuseme uso wa juu umetanuka kuliko wa chini kwa nusu ya asilimia moja tu, yaani milimita moja na nusu katika upana wote, kiasi ambacho mbao nyingi hukifikia zikiongezeka alama mbili za unyevu. Ukipiga hesabu ya upinde, ubao huo utainuka katikati kwa karibu milimita 3. Ukigeuzwa mgongo chini, hiyo inatosha kuufanya uzunguke mezani. Ufanye ubao huohuo uwe na unene wa milimita 40, na tofauti ileile ya nyuso italeta mwinuko wa milimita moja na nusu. Upana nao una kisasi kikali zaidi: ukiupunguza kwa nusu, mwinuko hupungua hadi robo. Hesabu hizi mbili, ya unene na ya upana, zinaeleza mengi kuliko jina la mti.

Kitendawili cha uso unaooshwa

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na wana haki ya kuchanganyikiwa. Ukimwagia maji uso wa juu wa ubao mkavu, uso huo hutanuka na ubao hupata mgongo juu. Ingefaa basi vibao vya zamani, vilivyooshwa juu mara elfu, viwe na mgongo juu. Lakini ukiangalia vibao vikuukuu katika jikoni nyingi, utakuta kinyume: bonde liko juu, palepale panapooshwa, na mgongo uko chini, ndiyo maana ubao unazunguka.

Sababu ni mbili na zinasukumana upande mmoja. Ya kwanza ni jinsi tunavyokausha. Ubao ukishaoshwa hulazwa juu ya sementi au vigae, uso wa juu ukapigwa na hewa na ule wa chini ukabaki umebana maji. Wa juu unakauka na kunywea, wa chini bado umevimba. Ya pili ni ya ndani zaidi. Uso unapolowa unataka kutanuka, lakini sehemu ya kati iliyo kavu inaushikilia usitanuke. Nyuzi za juu zinajibana zenyewe hadi baadhi ya seli zake kubonyea. Ukikauka, uso huo haurudi ulipokuwa. Unarudi mdogo zaidi ya mwanzo. Rudia hivyo asubuhi na jioni kwa mwaka mzima, na uso unaooshwa utakuwa umefupishwa kwa kudumu, ukiuvuta ubao wote ujikunje juu.

Ndiyo maana anayesema maji yamepinda ubao na anayesema ukavu ndio ulioupinda wanaweza wote kuwa wakweli, mmoja akizungumzia leo na mwingine akizungumzia mwaka mzima. Ndiyo maana pia dawa iliyonyoosha ubao wa jirani inaweza kushindwa kwako: upinde wake ulikuwa wa tofauti ya maji iliyopo sasa, wako ni wa seli zilizokwisha kubonyea. Kabla ya kutafuta tiba, inabidi kujua ni upinde wa aina gani.

Lawama kwa mbao mbichi

Wanaomlaumu fundi wana hoja nzito. Mti unaposimama msituni una maji mengi, na mbao haianzi kunywea mpaka maji yake yashuke chini ya asilimia 28 au 30 hivi. Mbao iliyopasuliwa wiki mbili zilizopita inaweza kuonekana kavu kwa nje na kurandwa ikang'aa, huku kati yake bado kuna maji ya kutosha kubadilisha umbo lote. Kanuni ya kale ya waseremala ni kukausha kivulini kwa karibu mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ni makadirio tu, lakini yanaonyesha ukubwa wa subira inayodaiwa, na subira ni mtaji. Mseremala wa agakiriro, zile karakana za pamoja za wilaya, akipanga mbao miezi kumi amefunga pesa zake miezi kumi, wakati mteja haulizi unyevu, anauliza bei. Kumlaumu fundi peke yake ni kusahau kwamba mnunuzi hajawahi kumlipa kwa kungoja.

Aina ya mti nayo inahusika. Sehemu kubwa ya misitu iliyopandwa Rwanda ni mikaratusi, wanayoiita inturusu, na mashambani mgrevilea umeenea pembezoni mwa makonde. Yote miwili asili yake ni Australia. Mkaratusi ni mgumu na hupatikana kirahisi, lakini gogo lake lina mikazo iliyojengeka wakati wa kukua, kiasi kwamba ubao unaweza kujipinda ukitoka tu kwenye msumeno, na hunywea sana ukikauka. Mgrevilea ni mpole zaidi kwa randa, ingawa vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Msonobari ni laini mno kwa kisu na una utomvu. Libuyu inayoletwa kutoka Kongo, na mvule kwa anayeupata, hutulia vizuri zaidi, kwa bei inayomfanya mnunuzi wa kawaida afikiri mara mbili, na kwa gharama ya misitu ambayo haikui upya kwa kasi tunayoikata.

Wazee husema vibao vya zamani havikupinda. Nadhani kumbukumbu hiyo ina ukweli, lakini si kwa sababu mafundi wa leo wamepoteza ujuzi. Ubao ukichongwa kutoka mti mnene uliokomaa unaweza kuwa mpana bila kugusa kiini, na duara zake huwa karibu kunyooka. Mti wa shamba unaovunwa ukiwa mchanga ni mwembamba, duara zake zimekunjamana, na sehemu kubwa ya gogo ni mbao ya utotoni mwa mti, ambayo hunywea ovyo. Nyuzi zake mara nyingi huzunguka shina, na ubao wake haupati bonde tu bali hujisokota, pembe moja ikiinuka juu ya nyingine tatu. Ubao uliojisokota hivyo hauna dawa ya maji.

Udhaifu wa hoja ya mbao mbichi ni kwamba inaishia mlangoni mwa duka. Mbao iliyokaushwa kikamilifu, ikilazwa kila jioni juu ya sementi yenye maji, itapinda vilevile. Ukavu wa mwanzo unaondoa sababu moja, haumkingi mtu na tabia zake.

Jinsi ubao unavyoungwa

Kundi la pili linasema tatizo ni ujenzi, na kwa maoni yangu hili ndilo lenye hoja yenye nguvu kuliko zote, ingawa mafundi wenyewe hulitekeleza vibaya. Njia inayoonekana sana ni kupigilia vipande viwili vya mbao kwa kukingama chini ya ubao ili viushike usipinde. Wazo ni zuri, utekelezaji mara nyingi huua ubao. Upana unataka kutanuka kwa milimita tatu au nne kati ya kiangazi na masika. Kipande cha kukingama, ambacho nyuzi zake zinakwenda upande mwingine, hakitanuki. Misumari ikikaza vyote pamoja, ubao hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Dawa ni ndogo na haigharimu kitu: skrubu moja ya katikati ikazwe, na za pembeni ziingie kwenye matundu yaliyochongwa marefu, si ya mviringo, ili skrubu iteleze ubao unapotanuka. Mteja anaweza kugeuza ubao na kulitazama hilo kabla ya kulipa.

Njia bora ni kuacha kutafuta ubao mmoja mpana. Vipande vya upana wa sentimita nne au tano vikiunganishwa kwa gundi, kila kimoja kina mwinuko wake mdogo sana, na hesabu ya upana tuliyoiona juu inafanya kazi kwa faida yetu. Waseremala hubishana kama duara za vipande zielekezwe juu na chini kwa zamu au zote upande mmoja. Zikipokezana, ubao wote hubaki tambarare lakini uso wake huweza kupata vijimawimbi. Zikielekea upande mmoja, uso ni laini lakini upinde wote hujumlishwa. Kwa vipande vyembamba tofauti ni ndogo, na anayeweza kupata mbao yenye duara zilizosimama wima hana haja ya ubishi huo kabisa. Jambo la kuuliza ni gundi. Gundi nyeupe ya kawaida hulegea ikilowa mara kwa mara. Inayofaa ni inayostahimili maji, ambayo kwa kipimo cha Ulaya huandikwa D3 au D4 kwenye kopo.

Gogo la mchinja nyama, lile linalokatiwa juu ya kichwa chake, ni hadithi nyingine. Halipati bonde kwa sababu ni nene mno, lakini kwa kuwa limekatwa kwa kukingama na duara zote zimo ndani yake, kunywea kwa mzunguko kunakoshinda kunywea kuelekea kiini hakuna pa kupumulia, na gogo hupasuka kutoka pembeni hadi moyoni. Ufa huo hufichwa kwa pete ya chuma. Hauondoki, na mabaki ya nyama hujua njia ya kuingia.

Wanaotegemea mafuta

Hakuna ushauri unaotolewa kwa uhakika zaidi kuliko wa kupaka mafuta, na hakuna uliotiwa chumvi zaidi. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin, na iliyoanzishwa mwaka 1910, ilipima jinsi vipako mbalimbali vinavyozuia mvuke usiingie kwenye mbao. Mafuta ya kitani, hata yakipakwa matabaka matatu, yalikuwa yamepoteza kinga yote baada ya siku 14 katika hewa yenye unyevu. Nta ya parafini iliyoyeyushwa, mbao ikichovywa ndani yake, ilikuwa miongoni mwa vipako vilivyofanya vizuri kuliko vyote. Maana yake kwa jikoni ni kwamba mafuta hupunguza kasi ya tone la maji kuzama, na hiyo ni faida ya kweli, kwani dakika kumi za kuosha hazitazamisha maji mbali. Lakini hayazuii msimu wa mvua. Anayepaka mafuta kila mwezi na kuulaza ubao ukiwa umelowa amefanya kazi ya bure.

Kuna namna ambayo mafuta hudhuru, nayo ni kupaka uso wa juu tu, kwa kuwa ndio unaoonekana. Hapo mtu ameongeza tofauti ya nyuso kwa mikono yake: uso mmoja unakunywa polepole, mwingine kwa pupa. Yapakwe pande zote, na zaidi kwenye vichwa viwili ambako nyuzi zimekatwa, kwani huko maji hupita kama kwenye mirija. Mafuta ya alizeti na mengine ya kupikia huganda nusu, hunata, na baada ya muda hutoa harufu ya kuchacha. Mafuta ya nazi hayachachi upesi, lakini huyeyuka karibu nyuzi joto 24, na wastani wa Kigali ni kama 20 au 21, kwa hiyo muda mwingi huwa yameganda juu ya ubao kabla hayajazama. Ni lazima yapashwe moto. Yanayofaa zaidi ni mafuta safi ya madini yanayouzwa duka la dawa kama dawa ya kulainisha choo, yakichanganywa na nta ya nyuki. Tahadhari kwa wanaotoka Kenya: dawa hiyo huitwa parafini ya maji, nayo haina uhusiano wowote na parafini ya kuwashia taa, ambayo ni sumu na haipaswi kugusa kitu cha chakula.

Wanaosema tuachane na mti

Hoja ya plastiki haiwezi kupuuzwa kwa kusema tu kwamba mti ni wa asili. Ubao wa plastiki hauvuti maji, ni mwepesi, ni wa bei nafuu, na ukiwa mpya huoshwa kirahisi. Kwa mama lishe anayekata nyama mbichi siku nzima, hizo ni faida kubwa. Lakini yako mambo matatu. La kwanza, nao hupinda, kwa joto badala ya maji: ukimwagiwa maji yanayochemka upande mmoja, uso huo hutanuka na ubao hubenuka, na mwembamba haurudi sawa. La pili ni usafi. Mwaka 1994, Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba bakteria waliowekwa juu ya mti walizama ndani na kuwa vigumu kupatikana tena juu ya uso, wakati plastiki iliyochakazwa kwa visu ilikuwa vigumu kuisafisha. Hata kanuni za chakula za Marekani, ambazo hazina mapenzi na mti, huruhusu mbao ngumu yenye nyuzi zilizoshonana kwa vibao vya kukatia. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kukatia kachumbari pale alipotoka kukatia kuku mbichi. Linaondoa tu hofu kwamba mti kwa asili yake ni mchafu.

La tatu ni chembe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba visu hukwangua chembe ndogo za plastiki kutoka kwenye vibao na kuziingiza kwenye chakula. Haki itendeke: watafiti haohao waliona mti nao hudondosha chembe zake, tena nyingi zaidi, na majaribio yao kwa seli za panya hayakuonyesha madhara makubwa ya chembe za plastiki. Hoja yangu dhidi ya plastiki kwa hiyo si ya sumu, ni ya mwisho wa kitu. Ubao wa mti uliochakaa hurandwa ukawa mpya. Wa plastiki ukichakaa ni taka. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikapitisha sheria ya plastiki za kutumika mara moja mwaka 2019. Vibao havimo katika sheria hizo, lakini anayejali lengo lake ataona kwamba kitu kinachotupwa kila baada ya miaka michache hakiko mbali nalo.

Kunyoosha uliokwisha kupinda

Tiba ya kwanza ni ya kungoja, na wachache huijaribu. Ubao uliopinda jana au juzi baada ya kulazwa kwenye maji una tofauti ya unyevu tu. Usimamishwe kwa ukingo wake, mbali na jiko la makaa na mbali na jua, hewa ipite pande zote mbili, kwa siku kadhaa. Nyingi hujirudi zenyewe. Jua la mchana ni adui hapa, kwa kuwa hupiga uso mmoja.

Usipojirudi, ndipo maji yanapoingia, na upande wa kulowesha ni wenye bonde, kwa kuwa huo ndio uliofupika. Taulo lililokamuliwa vizuri litandazwe, ubao ulazwe bonde likitazama taulo, mgongo ukitazama hewa, na utazamwe baada ya saa chache kwa kuweka ukingo wa rula juu yake. Ukikaribia kunyooka, uondolewe na usimamishwe ukauke pande zote mbili, au ubanwe kati ya vipande vya mbao vinavyoacha hewa ipite, uzito ukiwa juu. Uzito peke yake juu ya ubao mkavu hausaidii: ukiondoa mawe, upinde unarudi. Pingamizi lenye busara ni hili: ikiwa kulowesha uso mmoja ndiko kulikobonyeza seli hapo mwanzo, je, si tunarudia kosa? Kwa sehemu ni kweli, na ndiyo maana taulo liwe na unyevunyevu tu, si la kuchuruzika, na tiba isirudiwe kila mwezi. Ubao uliohitaji maji mara tatu umeshasema kwamba upinde wake ni wa kudumu.

Hapo inabaki randa, na randa ina gharama yake. Ubao wa milimita 20 wenye bonde la milimita 3 utapoteza milimita 3 kila upande. Utabaki na 14, na wembamba huo utaufanya uwe mwepesi zaidi wa kupinda kuliko kabla. Fundi mwenye nia njema anayeuranda hivyo anauandaa kurudi kwake. Lililo bora ni kuupasua kwa urefu wake vipande sita vya sentimita tano. Kwa kuwa mwinuko hufuata upana mara upana, bonde la milimita 3 linagawanyika kwa 36, na kila kipande kinabaki na chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kingo zirandwe upya ziwe wima, vipande viungwe kwa gundi isiyoogopa maji, na uso ulainishwe kwa msasa. Utapoteza kama sentimita mbili za upana na karibu hakuna unene. Ni kazi ya nusu siku kwa mwenye msumeno na klampu, na kwa ubao wa libuyu au mvule inalipa. Kwa ubao mwembamba wa mkaratusi, hailipi.

Pesa na juhudi ziende wapi

Nikipima kambi zote, ninaweka ujenzi wa vipande mbele, ukavu wa mbao pamoja nao, ukaushaji wa kila siku baada yake, na mafuta mwisho. Anayenunua leo atazame kichwa cha ubao kabla ya uso wake: vipande vyembamba au duara zilizosimama, unene wa angalau milimita 30, na vipande vya kukingama, kama vipo, vyenye matundu marefu. Ubao wa mkaratusi uliojengwa hivyo utadumu kuliko libuyu pana ya kipande kimoja iliyo nyembamba, kwa hiyo mwenye kipato kidogo hajafungiwa mlango.

Yapo mambo yasiyopatana. Ubao mnene hupinda kidogo lakini ni mzito kwa mzee au mtoto kuuinua. Miguu ya mpira chini yake huuruhusu kupumua, ila basi haugeuziki, na uso mmoja utaoshwa milele peke yake. Kwa ubao mwembamba ningechagua kuugeuza kila siku kuliko kuupa miguu, na kwa ule mnene ningechagua miguu. Jikoni nyingi za nyumba za kupanga hazina nafasi ya kusimamisha kitu chochote, na huko msumari ukutani na kamba kwenye tundu la ubao vinatosha, mradi vizibo viwili vya chupa vigundishwe nyuma yake ili usilale bapa ukutani. Uoshwe pande zote mbili hata kama umekatia upande mmoja, ufutwe pande zote mbili, kisha utundikwe. Wateja wakianza kuuliza mbao ilipasuliwa lini, na kukubali kulipa zaidi kwa ile iliyongoja, fundi wa Kicukiro atakuwa na sababu ya kuzipanga mbao zake kivulini tangu Juni, kiangazi kinapoanza.